Maswali ya Wasomaji: Gari ya Spoti, Barabara ya Kawaida, Nifunge Tairi Gani?

Mwezi huu sanduku limejaa tairi. Sijui ni masika yamewashtua watu au kuna mahali wamelipwa malimbikizo, ila barua za Subaru, za BMW, za hizi Toyota ndogo za milango miwili, zote zinauliza kitu kilekile, nifunge tairi gani ili gari ishike. Nimechukua tano, zingine zinafanana sana mtanisamehe.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina Subaru Impreza STI ya 2006, nimeinunua mkononi mwa jamaa wa Tegeta mwaka jana. Nakaa Tabata, kazi Posta, na kila miezi miwili hivi naenda Iringa kuwaona wazee. Tairi za nyuma zimebaki vipara, za mbele bado bado. Mshikaji wangu ananiambia nitoe hizi rimu za 17 nifunge 19 na semisliki, eti gari kama hii ukiifunga tairi za kawaida unaidhalilisha. Hela niliyonayo sasa hivi inatosha tairi mbili za maana. Nianze na za nyuma, halafu mbele nimalizie mwisho wa mwaka? – Baba Ilham, Tabata

JIBU: Baba Ilham, ngoja nianze na hilo la tairi mbili maana ndo litakalokula hela yako mapema kuliko yote. STI inasukuma tairi zote nne muda wote, na katikati ina difu inayogawa nguvu ya mbele na ya nyuma. Hiyo difu inategemea kwamba ukinyoosha barabarani tairi zote nne zinazunguka sawasawa. Subaru wenyewe wanataka mzingo wa tairi moja na nyingine usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6 tu. Sasa piga hesabu na mimi. Tairi mpya ina meno ya milimita 8 hivi, hizo zako za "bado bado" tuseme zimebaki na 4. Meno yamepishana 4, kipenyo kinapishana 8, zidisha kwa 3.14 unapata milimita 25. Ni mara nne ya kinachoruhusiwa.

Unaweza kuona milimita 25 ni kitu gani bana. Dar mpaka Iringa ni karibu kilometa 500, na tairi yako ya 235/45R17 (upana milimita 235, rimu inchi 17) mzunguko mmoja inakwenda mita 2 na kidogo, kwahiyo ukifika kwa wazee zile za mbele zilizoisha zitakuwa zimezunguka zaidi ya mara 3,000 kuliko za nyuma, na mizunguko yote hiyo imemezwa na difu ya kati ikiwa imechemka. Halafu mtu anakuja kulalamika Subaru zina difu mbovu. Difu haina kosa, kosa ni la aliyefunga mbili mpya mbili kuukuu.

Kwahiyo ni nne kwa pamoja, kampuni moja, aina moja, saizi moja. Kama hela haitoshi nne za bei ya juu, nunua nne za bei ya kati, usinunue mbili za bei ya juu. Na mpaka hapo utakapokamilisha, na vipara hivyo nyuma, safari ya Iringa isubiri, wazee watakuelewa, panda basi.

Sasa hizo rimu za 19. Mshikaji wako atakwambia zinaingia na ni kweli zinaingia, maana 235/35R19 kimo chake chote ni milimita 647 na ya kwako ya sasa ni 643, hata spidomita haitapata habari. Ujanja umefichwa ubavuni. Ile namba ya katikati, 45, ni asilimia ya upana, kwahiyo asilimia 45 ya 235 ni kama milimita 106 za mpira kati ya rimu na lami. Ukienda 19 unabaki na 82. Umepoteza milimita 24 za kitu pekee kinachokukinga na mashimo na matuta, na wewe unakaa Tabata, sihitaji kukuelezea barabara za ndani zikoje mvua ikishanyesha wiki mbili. Ukigonga shimo moja zuri usiku, ama rimu inapinda, ama nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika na asubuhi unakuta tairi imetoa uvimbe kama yai. Hiyo haizibwi wala haichomwi, inatupwa. Zaidi ya hapo rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito ulio kwenye gurudumu shokapu ndo inahangaika nao, gari inakuwa inadunda badala ya kushika. Rimu za 17 ndizo ilizotoka nazo kiwandani na zinapita vizuri kabisa juu ya zile breki za Brembo. Ukishindwa kabisa kujizuia kwa ajili ya muonekano basi ishia 18, 235/40R18, kimo 645, ubavu unabaki 94. Hapo sikugombezi.

Semisliki sasa. Hizi ni tairi za kwenda kuchezea kwenye sakiti wikiendi halafu zikurudishe nyumbani, zinaruhusiwa barabarani lakini barabara siyo kwao. Chukua mfano Toyo R888R, ubavuni imeandikwa TREADWEAR 100 (namba ya kudumu, ikiwa ndogo tairi inaisha haraka), mpira wake laini unashika lami kavu kama gundi, ila ukiitazama mifereji yake ni michache, kinachogusa chini karibu chote ni mpira. Watu wanasema semisliki mbaya kwasababu hazipati moto, hiyo ni hoja ya Ulaya, Dar hii lami ya saa saba mchana inaweza kukaanga yai, moto utapata. Shida yetu ni maji. Mifereji ya tairi kazi yake ni kusukuma maji yatoke chini, isipotosha tairi inapanda juu ya maji na hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umekatika, na kuwa na tairi nne zinazosukuma haikusaidii chochote maana zote nne zinaelea. Piga picha unashuka mlima Kitonga asubuhi, manyunyu, lori mbele yako limepunguza, lingine linapanda. Au pale kwenye hifadhi ya Mikumi, kilometa 50 za barabara ndani ya mbuga, pundamilia hawana indiketa. Unachotaka pale ni gari isimame kwenye lami yoyote itakayokuwepo, kavu, mbichi, yenye mchanga. Semisliki inakupa lami kavu tu. Tena mpira laini unaokota kokoto zote za njiani na kuzirushia bodi, utadhani umepita kwenye karanga zinazokaangwa.

Unachohitaji kinaitwa tairi za spoti za barabarani, ziko katikati, siyo hizi ngumu za taksi na siyo semisliki. Michelin familia ya Pilot Sport, Continental SportContact, Goodyear Eagle F1 Asymmetric, Bridgestone Potenza, Yokohama Advan za barabarani, Hankook Ventus kama mfuko umebana. Tafuta 235/45R17, namba ya uzito 94 maana yake tairi moja inabeba kilo 670, herufi ya spidi W au Y. W ni kilometa 270 kwa saa na Y ni 300. Najua utasema matrafiki na tochi zao kila kijiji ni 50, nitakimbia 270 wapi, lakini herufi hiyo haikuambii ukimbie, inakuambia tairi inavumilia joto kiasi gani kabla haijaanza kujifumua, na joto tunalo la kutosha.

Na mshikaji wako ana gari gani? Nauliza tu.

SWALI: Sasa mzee. Niko na Toyota 86, imeshuka Mombasa juzi tu kutoka Japan. Injini iko poa, bodi safi. Shida ni kwa raundabauti mvua ikinyesha, mkia unatoka hata nikienda pole pole, na jua likiwa kali kwa haiwei inakuwa ni kama gari inaogelea, usukani hauna uhakika. Mekanika wangu anasema ni shoki. Tairi ziko sawa, ziko na meno karibu mpya, ni Bridgestone Blizzak. Nibadilishe shoki ama nianze na alaimenti, kunyoosha magurudumu? – Mkaaji wa Thika Road, Nairobi

JIBU: Usibadilishe shoki! Yaani nimesoma barua yako mpaka neno Blizzak nikacheka peke yangu mke wangu akauliza kuna nini. Hizo ni tairi za theluji ndugu yangu. Umenunua gari iliyokuwa inakaa kule kwenye baridi Japan, pengine Hokkaido, mwenyewe aliivalisha tairi za msimu wa barafu, ikauzwa nazo, ikapanda meli nazo, na sasa unazitembeza Thika Road saa nane mchana. Siyo wewe tu, magari mengi ya mnada yanakuja hivi na watu wanafurahi kwamba tairi ni mpya.

Nenda kaangalie ubavuni. Utakuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kipande cha theluji. Angalia na meno yenyewe, kila jino limekatwakatwa mikato midogo midogo kama umepitisha wembe. Kwenye barafu mikato ile inang'ata. Kwenye lami ya moto yale meno laini yanapinda kila upande, ndo hiyo unayoiita kuogelea, na kwenye lami yenye maji ya uvuguvugu tairi ya theluji inachelewa kusimama kuliko tairi ya kawaida. Herufi yake ya spidi mara nyingi ni Q, mwisho kilometa 160. Kwa baridi ya Nairobi usiogope kitu, mpira wa tairi za joto unaanza kuwa mgumu ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, labda uwe Limuru alfajiri ya mwezi wa saba.

Kitu kingine kuhusu gari yako, wengi hawajui. 86 ilipotoka 2012 Toyota waliivalisha Michelin Primacy HP za 215/45R17, tairi ya gari ya kistaarabu kabisa, jamii ileile iliyofungwa kwenye Prius. Hawakukosea, walifanya kwa kusudi, walitaka gari iteleze kidogo kwa spidi ndogo dereva afurahie bila kukimbia sana. Kwahiyo mkia wa 86 kutoka kidogo ni tabia ya gari, ila mkia kutoka raundabauti ukiwa pole pole ni Blizzak.

Chukua saizi yake ileile 215/45R17 ya daraja la spoti, gari itabadilika mpaka udhani umenunua nyingine. Ukitaka kuongeza kidogo, 225/45R17 inakaa vizuri kwenye rimu zako za inchi 7, kimo kinaongezeka asilimia 1.4 tu. Usizidishe hapo, gari ina nguvu kama farasi 200 tu, ukiivalisha mpira mpana sana inakuwa imelala, utamu wote umekwisha. Hata hii mpya GR86 yenye rimu za 18 waliipa 215/40R18 za Pilot Sport 4, upana uleule wa 215.

Wewe gari yako inasukuma nyuma, kwahiyo lile la Baba Ilham la nne kwa pamoja kwako siyo lazima kiufundi. Ila siku ukinunua mbili, mbili mpya zinaenda NYUMA. Watu wanabisha hapa kila siku, na hata wenye gari za kuvuta mbele nawaambia hivyohivyo, mpya nyuma. Mbele ikiteleza kwenye maji unaachia mafuta inarudi, nyuma ikiteleza unaanza kuangalia ulikotoka.

Na kabla hujalipa, soma tarehe. Ubavuni kuna maandishi yanaanza na DOT, mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 2323 ni wiki ya 23 mwaka 2023. Hili nalisema kwa uchungu. 2017 nilikuwa na Altezza, nikapata tairi nne za mtumba za Japan 215/45R17, meno mpaka raha, zimepakwa dawa zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, muuzaji akaniapia hazijatembea. Ni kweli hazikutembea. Zilikuwa 1108, wiki ya 11 ya 2008, zimekaa stoo mahali miaka tisa zikikauka. Mvua ya kwanza pale Mwenge, spidi ya 40 tu naingia kona, gari ikageuka ikaangalia ilikotoka, mbele yangu daladala, abiria wote wananitazama. Hakuna aliyeumia. Zile tairi zilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo, kucha haiingii. Mpira unazeeka hata usipotembea, na unazeeka haraka zaidi kwenye joto. Mimi sasa hivi tairi ya zaidi ya miaka miwili dukani naomba punguzo, ya zaidi ya minne naiacha hapohapo, na iliyoko kwenye gari ikifika sita inatoka hata kama meno yapo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, nna Mustang GT ya 2017, mbele 255/40R19 nyuma 275/40R19. Tairi za nyuma zanimalizikia kila miezi minane, za mbele bado zapo. Nikenda dukani naambiwa nichukue zilizoandikwa TREADWEAR 500 zitadumu. La pili, asubuhi natia upepo 34, mchana njiani nikitazama umeshafika 40, huwa nautoa mpaka 34 tena. Nafanya sawa? – Bin Saleh, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam Bin Saleh. Nianze na la upepo maana hilo ni la hatari, acha leo hii. Upepo unapimwa tairi ikiwa baridi, gari imelala usiku haijatembea, na namba inayotakiwa ipo kwenye kile kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, siyo ile iliyoandikwa kwenye tairi, ile ya kwenye tairi ni mwisho wake. Tairi ikitembea inachemka na upepo unapanda, kila nyuzi 10 za joto zinaongeza psi (hicho kipimo cha upepo) moja na nusu hadi mbili, kwahiyo 34 kuwa 40 kwenye jua la huko ni kawaida, aliyetengeneza tairi alishaihesabu hiyo. Ukitoa mpaka 34 wakati imechemka, kesho asubuhi ikipoa utakuta 28 au 29. Tairi yenye upepo mdogo ubavu wake unajikunja kila mzunguko, kujikunja kunazalisha joto, joto linazidisha joto la lami, halafu wewe upo 120 kwenye njia ya Sohar. Tairi nyingi zinazopasuka kiangazi zinapasuka kwa upepo mdogo, siyo mwingi.

La TREADWEAR. Ile namba ni ya kulinganisha tu na tairi ya kipimo iliyopewa 100, ya 300 ilidumu mara tatu ya ile kwenye jaribio. Siyo kilometa. Na kila kampuni inapima tairi zake yenyewe, kwahiyo 300 ya huyu na 300 ya yule usizichukulie kama kilo za dukani. Pilot Sport 4S kwa mfano ni 300. Ya 500 itadumu zaidi ndiyo, ila kwa gari yenye injini ya V8 lita 5 ni kama kumvalisha mwanariadha makobazi, kila ukikanyaga mafuta taa ya kuteleza inawaka, na siku ya kufunga breki ya ghafla ndo utaijua tofauti. Huko kwenu angalia zaidi herufi ya mwisho pale, TEMPERATURE, chukua A, usikubali B wala C.

Na kwasababu nyuma ni pana kuliko mbele huwezi kuzibadilishana mbele na nyuma zichakae pamoja, kwahiyo nyuma kutangulia kuisha ni kawaida kwa gari yako. Lakini miezi minane kaka... tairi za nyuma haziliwi na joto peke yake, zinaliwa na mguu wa kulia. Kapime alaimenti ya nyuma pia, kama zinaisha upande wa ndani tu basi mguu hauna kosa.

SWALI: Fundi, nina BMW Z4 ya 2010 ina runiflati, gari ngumu mpaka kiuno kinauma. Naruhusiwa kufunga tairi za kawaida? Na hivi kujaza naitrojeni kuna faida? – Wa Njiro, Arusha

JIBU: Unaruhusiwa. Runiflati ubavu wake umeimarishwa ili ikipata pancha ikubebe kama kilometa 80 kwa spidi isiyozidi 80, ndo maana ngumu. Ukizitoa gari inalainika sana na hata kwenye kona inakaa vizuri zaidi kwenye lami yetu yenye viraka, ila kumbuka gari yako haina spea wala pa kuiweka. Basi beba kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, na vile vijiti vya kuzibia pancha, ujifunze kuvitumia ukiwa nyumbani siyo gizani. Kama mizunguko yako ni Njiro, mjini na Moshi, toa. Kama huwa unaenda Babati usiku peke yako, zivumilie tu na hicho kiuno.

Naitrojeni: hewa ya bure ya sheli ina naitrojeni asilimia 78 tayari. Hiyo hela kanunulie geji ya upepo.

SWALI: Shikamoo. Mimi nina Mazda Roadster, nimefunga tairi mpya nne 205/45R17 za spoti juzi, nilifuata ushauri wako wa tarehe na zote ni za mwaka huu. Lakini gari inavuma kama nyuki na naona inateleza kuliko zile za zamani, nimeogopa hata kuitoa. Nimeangalia vizuri mbili za upande wa kushoto naona neno OUTSIDE, za kulia naona INSIDE. Inahusiana? – Mama Tariq, Mbezi

JIBU: Marahaba mama. Inahusiana, na hongera kwa kusoma, fundi wako hakusoma. Tairi za namna hiyo upande wa nje una meno makubwa ya kushikia kona na upande wa ndani una mifereji mingi ya maji, kila moja inatakiwa ukiitazama uione OUTSIDE, zote nne. Huyo kafunga zote nne zikitazama upande mmoja kama abiria wa kwenye kivuko, kwahiyo za kulia amezigeuza, meno ya kona yameenda ndani. Nyingine huwa zina mshale wa ROTATION, hizo unafuata mshale, gari ikienda mbele mshale nao uende mbele. Zako ni za OUTSIDE.

Huo utelezi mwingine ni upya tu. Tairi ikitoka kiwandani inakuwa na kautando ka ile dawa inayoisaidia kutoka kwenye moldi, kanaisha kwenye kilometa 200 au 300 za mwanzo, kwahiyo kwa muda huo usikate kona kwa fujo na uache nafasi ya breki mbele yako, hasa mvua ikinyesha.

Rudi palepale zitolewe hizo mbili za kulia, zigeuzwe kwenye rimu zake, zipigwe balansi upya, na upepo uwekwe kwa namba ya kibandiko cha mlangoni. Usilipe hata shilingi, na usiondoke mpaka uzunguke gari yote na uhesabu OUTSIDE nne.